Asilimia 32 ya nini? Kuupima mfuko wa chakula cha paka

Nyuma ya mfuko wa chakula kikavu cha paka mzima kuna jedwali dogo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Tuchukue mfuko wa mfano, unaofanana na mingi iliyopo madukani: protini ghafi asilimia 32, mafuta ghafi 12, nyuzinyuzi ghafi 4, majivu 8, unyevu 8. Anayelisoma kwa kawaida hutafuta protini tu, akiiona ni nyingi hulipa na kuondoka. Mimi naanzia hapohapo, kwa sababu maabara iliyoandika 32 haikuipima protini yenyewe. Ilipima nitrojeni.

Njia hiyo ni ya mwaka 1883. Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alichemsha sampuli katika asidi kali ya salfa mpaka nitrojeni iliyomo ikageuka amonia, akaipima amonia hiyo. Kwa kuwa protini huwa na takriban asilimia 16 ya nitrojeni, kiasi kinachopatikana huzidishwa kwa 6.25, na jibu huitwa protini ghafi. Siku hizi maabara nyingi huiunguza sampuli badala ya kuichemsha, lakini kuzidisha ni kulekule. Manyoya mabichi ya kuku na ngozi ya kiatu vyote vitapata alama nzuri katika kipimo hiki, ingawa tumbo la paka haliwezi kupata kitu cha maana humo.

Upungufu huu umeshaua. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 za chakula cha paka na mbwa, baada ya wanyama kuanza kufa kwa kushindwa kwa figo. Gluteni ya ngano iliyonunuliwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni, hivyo gramu moja tu husomeka kwenye kipimo kama gramu nne na ushei za protini. Ilipokutana na asidi ya sianuriki iliyokuwamo pia, iliganda kuwa fuwele ndani ya mirija ya figo. Mwaka uliofuata hila ileile iligunduliwa katika maziwa ya watoto wachanga huko China. Sehemu kubwa ya chakula kilichoondolewa mwaka 2007 ilikuwa ya majimaji, lakini protini ya chakula kikavu nayo hupimwa kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo jedwali si la kutupwa. Lina taarifa nyingi kuliko linavyoonekana, mradi mtu akubali kupiga hesabu kidogo.

Kwanza, wanga haujaandikwa. Jumlisha vyote vilivyotajwa, toa kwenye 100: inabaki 36. Ndivyo wanga wa vyakula vya wanyama ulivyokokotolewa tangu Henneberg na Stohmann walipoweka utaratibu huu katika kituo cha Weende, karibu na Göttingen, Ujerumani, miaka ya 1860. Kwa vile ni mabaki ya kutoa, makosa ya vipimo vyote vingine huangukia humo. Viwango vya mfukoni navyo mara nyingi ni vya chini kabisa au vya juu kabisa, si wastani, kwa hiyo ile 36 ichukuliwe kama makadirio.

Pili, maji. Kopo lenye protini asilimia 10 na unyevu asilimia 78 linaonekana duni mbele ya mfuko wetu. Ondoa maji kwa vyote viwili: kopo lina asilimia 45, mfuko una 35.

Tatu, na kwangu hii ndiyo hesabu muhimu kuliko zote, ni nishati. Kwa chakula cha paka huhesabiwa kilokalori 3.5 kwa gramu ya protini, 8.5 kwa gramu ya mafuta na 3.5 kwa gramu ya wanga. Gramu 100 za mfuko wetu zinatoa 112, 102 na 126, jumla 340. Kwa hiyo kila kilokalori 1,000 zinakuja na gramu 94 za protini. Kiwango cha chini cha AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama nchini Marekani, ni gramu 65 kwa paka mzima. Mfuko umevuka kwa nafasi nzuri, na nafasi hiyo inahitajika, maana paka wa ndani asiyetembea sana hula kidogo na lazima kidogo hicho kimtosheleze.

Mgawanyo wa nishati hiyo ni asilimia 33 protini, 30 mafuta na 37 wanga. Uchambuzi wa milo ya paka wanaojiwindia, uliochapishwa mwaka 2011, ulikadiria 52 protini, 46 mafuta na 2 tu wanga. Tofauti hii inatokana na kiwanda: punje hutengenezwa kwa kusukuma unga wenye mvuke kwenye tundu dogo, na bila wanga punje haiumuki wala haishikani. Wapo wanaouita wanga huo sumu. Sikubaliani nao, kwa sababu wanga ulioiva paka huumeng'enya vizuri. Ninachokiogopa ni wingi wa nishati katika ujazo mdogo. Paka wa kilo 4 anayeishi ndani anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku, yaani gramu 60 hivi za chakula hiki, na bakuli linalojazwa kila likipungua hukipita kiasi hicho kwa urahisi. Mizani ya jikoni inamsaidia paka wa namna hiyo kuliko mfuko wa bei kubwa.

Lakini jedwali lote hilo linaweza kuwa sahihi na paka akapofuka. Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba paka waliolishwa kaseini, protini ya maziwa, kama chanzo chao cha protini waliharibika retina kwa kukosa kirutubisho kiitwacho taurini. Wanyama wengi hujitengenezea taurini ya kutosha. Paka hutengeneza kidogo mno, na bado huipoteza kila siku kwa kuwa nyongo yake huitumia taurini tu, bila mbadala. Viwanda vikaanza kuizingatia. Kisha mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakachapisha jambo zito zaidi: paka wenye moyo uliotanuka na kulegea, waliokula vyakula vya dukani vilivyofikia kiwango cha taurini cha wakati huo, walikuwa na taurini ndogo mno katika damu. Walipoongezewa, mioyo ikarudi kufanya kazi vizuri. Ugonjwa ulioonekana kuwa hukumu ya kifo ukawa na tiba ya bei ndogo.

Nikisoma kazi ile bado naguswa, kwa sababu wamiliki wa paka wale hawakuwa wazembe. Walinunua chakula kilichokubaliwa. Kiwango ndicho kilichopungua, kwani hakikuhesabu mapishi: joto la kiwandani hubadilisha protini kwa namna inayowalisha bakteria wa utumbo, nao huvunja taurini kabla mwili haujaichukua. Ndiyo maana leo AAFCO inadai asilimia 0.10 ya taurini katika chakula kikavu na 0.20 katika cha kopo, maji yakiwa yameondolewa.

Kwa hiyo tafuta pale mfukoni sentensi inayosema chakula ni kamili kwa paka mzima, na uone kimethibitishwaje. Njia moja ni kulinganisha fomula na jedwali la viwango. Nyingine ni kulisha paka hai: wanane kwa wiki 26, angalau sita wafike mwisho, uzito uangaliwe, na damu ipimwe, ikiwemo taurini. Wiki 26 ni chache kwa upungufu unaoweza kujificha miaka, na paka wanane si wengi. Hata hivyo jaribio hili humuuliza mnyama, jambo ambalo jedwali haliwezi.

Orodha ya viambato naipa uzito mdogo. Hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, hivyo nyama mbichi ya kuku, ambayo zaidi ya theluthi mbili ni maji, hukaa juu ya unga wa kuku uliokaushwa hata kama unga huo ndio unaoleta protini zaidi. Mahindi nayo yanaweza kugawanywa kwa majina matatu yakashuka chini. Afadhali kumwandikia mtengenezaji na kuuliza taurini iliyopimwa baada ya kupika, kiwango cha fosforasi, na kiasi cha protini kinachomeng'enywa. Kampuni iliyopima ina majibu.

Kwa anayenunua chakula kilichofunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa, hesabu hizi zote zinakosa pa kuanzia, kwani lebo haiji na mfuko wa plastiki. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje nayo yakikaa hewani huchacha, na vitamini E huisha ikiyalinda. Omba uonyeshwe gunia lenyewe, piga picha ya jedwali na ya tarehe ya mwisho wa matumizi, nusa punje kabla ya kulipa, na nunua kiasi cha kuisha katika wiki chache.