Tumemnyima David Maillu kiinua mgongo

Kiinua mgongo ni neno lisilohitaji kamusi. Mtu ameinama miaka ishirini akifua, akipalilia, akibeba. Siku ya kuondoka anapewa kitu cha kumsaidia kuunyosha ule mgongo. Mwaka wa 1989, David Maillu alilichukua neno hilo, akaliunga na neno moja la Kiingereza na kupata jina la kitabu: Without Kiinua Mgongo. Ni riwaya fupi inayochanganya Kiswahili na Kiingereza waziwazi, bila kuomba radhi.

Nakitaja kitabu hiki kwa sababu katika makongamano ya Kiswahili ninayohudhuria, Maillu hatajwi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba huyo ni wa Kiingereza. Nenda sasa kwa wale wa Kiingereza. Watakwambia huyo ni wa vitabu vya baa. Basi mwandishi aliyesomwa na makarani, makondakta na walinzi wa Nairobi kuliko wengi tunaowatukuza amebaki kwenye baraza, nyumba zote mbili zimemfungia mlango.

Maillu alizaliwa mwaka wa 1939 huko Kilungu, Ukambani, na sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe. Alifanya kazi ya usanii wa michoro katika Sauti ya Kenya, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle vilitoka mwaka wa 1973, After 4.30 mwaka uliofuata. Vilikuwa vitabu vidogo vya kutia mfukoni, habari zikiwa za pombe, mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, na mabosi wanaowaandama makatibu wao saa za kazi zinapokwisha.

Jambo ambalo wahakiki wengi walilipita haraka ni umbo. My Dear Bottle na After 4.30 hazikuandikwa kwa aya ndefu za riwaya. Zimeandikwa kwa mistari mifupi mifupi, kama tenzi huru. Watu waliona uvivu. Mimi naona mtu aliyemjua msomaji wake. Msomaji huyo aliishia darasa la saba au kidato cha pili, anasoma akiwa amesimama ndani ya basi, taa hafifu, mkono mmoja umeshika chuma. Mstari mfupi haumpotezi. Akishuka anajua alipoachia. Tena mstari ule una mapigo ya mazungumzo: mtu analalamika, anarudia, anajicheka, anaendelea. Katika After 4.30 wanawake wanapewa nafasi ndefu ya kusema wanayoyafikiria kuhusu wakubwa wao, jambo ambalo riwaya nyingi za heshima za wakati ule hazikulithubutu.

Sisemi kila kitu kilikuwa dhahabu. Maillu hurudia hoja hadi msomaji anachoka, na katika vitabu vyake vya mwanzo mwanamke mara nyingi huonekana kupitia jicho la mwanamume aliyelewa. Wasomi wa chuo kikuu, marehemu Chris Wanjala akiwa mstari wa mbele, waliziponda riwaya za aina hii, na baadhi ya waliyoyasema yalistahili kusemwa. Kosa lao ni kwamba walihukumu maadili wakaacha lugha. Bernth Lindfors, mhakiki wa Marekani, alilazimika kuwakumbusha wenyeji kwamba fasihi hii ilistahili kuchunguzwa.

Mwaka wa 1976 Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake, na soko kubwa likafungwa. Comb Books haikudumu muda mrefu baada ya hapo. Kinachonishangaza ni kwamba Tanzania hiyohiyo ndiyo iliyolea riwaya pendwa ya Kiswahili. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965, na baadaye Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakawafanya watu wakeshe na vitabu. Huku kwetu, riwaya ya Kiswahili ilipelekwa shule ikakaa huko. Siku Njema ya Ken Walibora ilipendwa kweli, lakini wengi tuliipata darasani, na mtihani ukitungoja. Aliyetaka kusoma kwa raha zake jijini Nairobi alisoma Kiingereza cha Maillu.

Naye hakukaa mahali pamoja. Mwaka wa 1980 alitoa The Equatorial Assignment, riwaya ya jasusi Benni Kamba, pamoja na For Mbatha and Rabeka, hadithi ya mapenzi isiyo na matusi hata kidogo. Zote mbili zilichapishwa na Macmillan katika msururu wa Pacesetters. Ameandika kwa Kikamba, ameandikia watoto, ameitetea ndoa ya wake wengi katika Our Kind of Polygamy, na mwaka wa 1991 akashusha Broken Drum, gogo la kurasa zaidi ya 1,000. (Lilihitaji mhariri mwenye makasi na roho ngumu.) Japani wana busara fulani katika jambo hili. Tangu mwaka wa 1935 kuna tuzo mbili zilizoanzishwa pamoja na Kikuchi Kan: ya Akutagawa kwa fasihi inayoitwa safi na ya Naoki kwa fasihi pendwa. Mwandishi hodari wa hadithi za kuuza hahitaji kujifanya mshairi wa chuo ili atambuliwe.

Sasa nirudi kwa Without Kiinua Mgongo, kwa maana ndicho kinachotuhusu sisi wa Kiswahili. Panda matatu namba 46 alfajiri kutoka Kongo, pale Kawangware, au watazame wanaotoka Kibera kwa miguu kuelekea Kilimani. Hao ndio wapishi, watunza bustani, yaya na walinzi wa nyumba za watu. Wengi hawana mkataba ulioandikwa. Siku ya kufutwa wanaambiwa asante, basi. Sikiliza wanavyoongea: "Boss alini-promise ataniongeza by end month, mpaka leo." Mwalimu wa sarufi atasema hapo hakuna lugha. Ipo. Kitenzi kile cha Kiingereza kimevishwa kiambishi cha nafsi, cha wakati uliopita na cha mtendwa, vyote mahali pake. Kiswahili ndicho mifupa, Kiingereza ni nguo tu. Carol Myers-Scotton aliueleza mpangilio wa namna hii kwa kina mwaka wa 1993, akitumia mifano mingi ya Nairobi. Maillu alikuwa ameshauingiza kwenye riwaya miaka minne kabla.

Ila tazama jina la kitabu. Hapo mifupa ni ya Kiingereza: without. Kilichopachikwa ni nomino ya Kiswahili. Nadhani si bahati nasibu. Amri, hesabu na barua ya kufutwa kazi huja kwa Kiingereza. Kinachomuuma mfanyakazi anakitaja kwa lugha yake. Angetafsiri jina lote upande mmoja, uhusiano huo wa mwajiri na mwajiriwa ungepotea.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba kukikubali kitabu kama hiki ni kuifungulia Sheng' mlango wa darasani. Hofu hiyo naielewa, watoto wanaandika insha za ajabu siku hizi jameni. Lakini kuchunguza mchanganyiko si kuufundisha. Daktari anayepima malaria haambiwi anaieneza.

Ningependa kuona mwanafunzi mmoja wa uzamili akikaa na kitabu hiki kwa mkono mmoja na kinasa sauti kwa mkono wa pili, alinganishe Maillu wa 1989 na abiria wa 46 wa leo. Ni viambishi gani vimebaki, ni maneno gani yamehama kutoka kwa bosi kwenda kwa mfanyakazi, na je, kijana wa Kongo bado anasema kiinua mgongo au ana jina jingine? Nimewashauri wanafunzi wawili kufikia sasa. Wote wamechagua riwaya teule za shule.