Iacheni Ngumi, Tazameni Kisigino

Kijana mmoja alipiga kata ya karate iitwayo Unsu kwenye mashindano ya mkoa na ukumbi mzima ukasimama. Aliruka, akazunguka hewani, akapiga kiai, ule ukelele wa nguvu, hadi vioo vikatikisika, akatua kama gunia la mkaa. Watu wakashangilia. Kesho yake nikasikia wanamwita "Bruce Lee wetu". Kwanza, Bruce Lee hakuwa mtu wa karate. Pili, kata ile ilikuwa mbovu kuanzia yoi, msimamo wa kujiandaa, hadi mwisho. Wala simlaumu kijana. Nawalaumu waliompigia makofi, maana mchezaji husikiliza makofi kuliko anavyomsikiliza sensei wake.

Mgeni wa mchezo huu hutazama ngumi. Ngumi ndiyo inayopita mbele ya macho, na ngumi ya haraka humfurahisha kila mtu. Lakini mkono wowote unaweza kwenda haraka. Hata wa mtoto. Mimi natazama mguu wa nyuma, na hasa kisigino. Katika zenkutsu-dachi, msimamo wa goti la mbele lililokunjwa, gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) inapofika, kisigino cha nyuma kinatakiwa kiwe kimekaa sakafuni. Nguvu huanzia pale chini, ikapanda kwenye goti, nyonga ikageuka, ndipo mkono ukafuata. Kisigino kikinyanyuka, hata kwa upana wa kidole, kilichobaki ni mkono peke yake, na mkono peke yake hauna kitu.

Kisha subiri ageuke. Asiyeiva hutua kwanza, halafu husogeza unyayo inchi mbili kutafuta upana wa kusimama. Hufanya hivyo upesi, akitumaini waamuzi wanatazama uso wake uliokunjwa. Aliyeiva huweka mguu mara moja na pale ulipowekwa ndipo unapobaki. Tazama pia kabla hajaondoka. Je, vidole vya mguu wa mbele vinafunguka nje kwanza, ndipo anajisukuma? Basi mpinzani mwenye macho amekwisha kujua anakwenda wapi. Kuna jaribio ambalo nimewafundisha wengi, na wachache sana hulifurahia: weka kidole kwenye kioo cha televisheni, juu kidogo ya kichwa cha mchezaji, halafu mwache atembee hatua tatu za oi-zuki, ngumi ya kusonga mbele. Kichwa kikigusa kidole, miguu yake inadanganya. Anainuka, anapumzika, anashuka tena. Kichwa cha bingwa hupita chini ya kidole kwa kimo kilekile, kwa sababu magoti ndiyo yanayofanya kazi na mabega hayajui lolote.

Mkitaka kuona ninachosema, mtafuteni Kiyuna Ryo ndani ya Budokan, Tokyo, tarehe 6 Agosti 2021. Alipiga Ohan Dai, akapewa 28.72, na Mhispania Damián Quintero akabaki na 27.66. Wengi walizungumzia macho yake na kiai yake. Zimeni sauti, mtazame miguu tu. Hakuna mahali anapojirekebisha. Kiyuna ni mtu wa Okinawa, wa kwanza kutoka kisiwa hicho kupata dhahabu ya Olimpiki, na aliyemlea ni Sakumoto Tsuguo wa Ryuei-ryu, mwenyewe bingwa wa dunia mara tatu miaka ya 1980. Kisigino cha namna ile hakipatikani kwa kambi ya wiki mbili.

Siku moja kabla, dhahabu ya kata ya wanawake ilikwenda kwa Sandra Sánchez wa Hispania, akiwa na miaka 39. Si ajabu. Kata haiivi kabla ya miaka 30. Hiyo ni kanuni. Mtaniambia habari za Usami Rika, aliyetwaa ubingwa wa dunia jijini Paris mwaka 2012 akiwa na miaka 26. Usami ni mmoja, na mmoja havunji kanuni.

Sasa nije kwa matapeli. Utapeli wa siku hizi umekaa kwenye mkono wa gi, vazi la karate. Wananunua gi ya turubai nzito, mkono umekatwa kwa makusudi, na kila ngumi inalia "pwa!" hata ikiwa haina uzito wowote. Namfahamu mmoja aliyekuwa akiitia wanga na kuipiga pasi usiku wa kuamkia mashindano, mpaka ikawa inasimama yenyewe kitini. Alipata medali nayo. Wengine hujipiga kifua au hukanyaga tatami kwa kishindo, mambo ambayo kanuni za WKF, Shirikisho la Karate la Dunia, zinayataja wazi kuwa ni makosa, na bado waamuzi wetu huyapitisha. Enzi zetu gi ilishonwa na fundi cherehani kwa kitambaa cha marekani, ikafuliwa hadi ikalainika kabisa. Haikuwa na sauti. Sakafu ilikuwa ya saruji, na aliyegeuka vibaya aliacha ngozi ya unyayo pale pale. Hatukuhitaji pointi za kutuambia nani amekosea.

Kwenye kumite, mapambano ya watu wawili, sitakaa sana, kwani huko angalau kuna mpinzani wa kukuumbua. Hikite (mkono unaorudishwa kiunoni) isiyorudi, waza-ari (pigo la pointi mbili) isiyo na zanshin (umakini baada ya pigo), mtu anayeruka ruka dakika nzima kwa kuwa ana senshu (faida ya pointi ya kwanza): hao si wachezaji, ni walinzi wa ubao wa matokeo. Mtazameni Rafael Aghayev wa Azerbaijan, bingwa wa dunia mara tano, mtu mfupi aliyewaangusha warefu kwa ashi-barai, kufagia mguu. Kwenye Olimpiki hiyo ya Tokyo alipoteza fainali kwa Luigi Busà 1–0, na bado ndiye ningemwonyesha mwanafunzi. Na wale wanaolia hadi leo kwamba Tareg Hamedi alidhulumiwa huko huko Tokyo: alikuwa akiongoza 4–1, akampiga Sajad Ganjzadeh teke la kichwa, Mwirani akazimia, ikatolewa hansoku, yaani Hamedi akaondolewa. Teke lilikuwa zuri hadi lilipogusa ngozi. Teke lisiloweza kusimama hapo halijakamilika, hata liwe la haraka namna gani.

Mengine sitayatetea. Anayevuta gi yake katikati ya kata hafai. Mkanda mweusi uliong'aa sana haunivutii. Anayeinama haraka haraka ili aanze, ataharakisha na yaliyobaki.

Kwenye mashindano yajayo, msikae juu jukwaani. Shukeni mkae pembeni ya tatami, upande ambao visigino vinaonekana, na msipige kofi hata moja mpaka mchezaji ainame na kutoka. Waamuzi nanyi nawaomba: vueni masikio, mbaki na macho.