Mazrui, bomu, na jirani wa Holili

Mei 2025, India na Pakistan ziliporushiana makombora kwa siku nne, rafiki yangu alinitumia video fupi ya Profesa Ali Mazrui na maneno mawili tu: "Mzee alijua." Mwezi uliofuata Israel na Marekani zikapiga mitambo ya nyuklia ya Iran, akanitumia video ileile tena. Hoja yenyewe umeshaisikia kwa kinyozi na ndani ya matatu: mwenye bomu haguswi, asiye nalo anapigwa mchana kweupe. Basi Afrika nayo ingekuwa na lake, tuone nani angetuchezea.

Nilikuwa nyumbani, Mahoo. Fotokopi ya The African Condition ni kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo chuoni nilipoacha mwaka wa pili (ada, hadithi ndefu). Nikaisoma tena hotuba ya sita, ile ya bomu, kwenye kibanda cha mama, kati ya mteja na mteja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa Nairobi na nilisisimka vibaya sana. Safari hii nilikuwa naisoma mahali ambapo ukimwita mtu wa nchi nyingine kwa sauti kubwa anaweza kukuitikia, na haikunikaa vile.

Tuanze na haki yake. Mwishoni mwa 1979 BBC walimpa Mazrui, mtoto wa Mombasa, mihadhara ya Reith. Mihadhara sita, kila mmoja umesimama juu ya kitendawili kimoja cha Afrika. Wa sita ni wa mahali tulipo: bara lililo katikati kabisa ya ramani ya dunia, lakini likifika kwenye mambo ya nguvu linasimama pembeni. Dawa anayoipendekeza ndiyo iliyowashtua watu. Anataka Afrika iachane na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na mataifa yake makubwa (Nigeria, Zaire, na Afrika Kusini ikishakuwa chini ya Waafrika weusi) yajipatie uwezo huo. Shabaha si kumlipua mtu. Wakubwa wakiona silaha ziko mikononi mwa watu wasiowaamini, watashikwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo itakayowafanya wakubali kuziharibu zote, za kwao pia. Na kuna kitu cha jando humo ndani: bara linatahiriwa, linaacha kuitwa mtoto.

Kwenye unafiki hakosei hata kidogo. Urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945 sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji ambao huenda walikuwa wakitaniana kwa Kiswahili. Kati ya 1960 na 1966 Ufaransa ilifanya majaribio 17 ya nyuklia kwenye jangwa la Algeria, mengine wakati nchi hiyo imeshapata uhuru wake. Afrika ilitoa mawe na ikatoa mchanga, halafu ikahubiriwa amani na walewale. Mazrui anapokataa kuhubiriwa hivyo, nami niko naye.

Shida yangu ni mahali anaposimama akiitazama ramani. Yuko juu sana. Huko juu Afrika ni kitu kimoja, na bomu lake linatazama nje, Washington na Moscow. Hapa chini kuna Lumi, kuna Ziwa Jipe ambalo nusu si letu, na kuna Holili. Usiku taa za watu wa Tanzania tunaziona.

Mwaka ule ule wa mihadhara, mpaka huu ulikuwa umefungwa. Tanzania iliufunga Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka sita. Nyanya yangu ana dada aliyeolewa upande wa pili. Kuonana walipita njia za panya, usiku, wamebeba viatu mkononi. Mama yao alipofariki dada hakuweza kuvuka, na hadi leo nyanya akisimulia hasemi "serikali ilifunga." Anasema "walitufungia," na ukimuuliza ni akina nani anazitaja nchi zote mbili kwa pumzi moja.

Na huo ndio ulikuwa ugomvi mdogo. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, na Aprili 1979 Watanzania wakaingia Kampala. Miaka miwili kabla ya Kagera, Amin huyohuyo alikuwa amedai kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya ni cha Uganda. Mazrui alimjua, alifundisha Makerere na akaiacha Uganda wakati wa utawala huo. Ndiyo maana siwezi kumwelewa. Kati ya watu wote, yeye ndiye aliyepaswa kukaa na swali hili usiku kucha: kitufe kingekuwa mezani kwa nani? Mawe ya Katanga nani angeyalinda? Zaire aliyoiweka kwenye orodha yake ilishakuwa na mtambo mdogo wa utafiti wa nyuklia Kinshasa tangu 1959. Septemba 1991 wanajeshi wa Mobutu wasiolipwa waliingia mitaani wakapora. Miaka mitano baadaye vita vikaanza huko mashariki, majirani wakaingia, na Zaire yenyewe ikafutika kwenye ramani. Hebu liweke bomu katikati ya hayo, kisha uniambie kuhusu jando.

Najua jibu la rafiki yangu: Mazrui hakuwa anaongea kuhusu Amin, alikuwa anaongea kuhusu kanuni. Sawa. Lakini kanuni yenyewe imeshajaribiwa. India na Pakistan zote mbili zililipua mabomu ya majaribio Mei 1998. Nchi mbili zilizotawaliwa na mkoloni mmoja, majirani wasiopendana, hasa wale wageni ambao Mazrui alitarajia wangewashtua wakubwa. Wakubwa walipiga kelele kidogo, wakaweka vikwazo, kisha wakazoea. Hakuna aliyetupa silaha zake. Kilichobaki ni watu wa Kashmir, pande zote mbili, wanaolala wakisikiliza. Mzee alijua mengi. Hili halikwenda alivyosema.

Afrika Kusini ni kisa cha ajabu zaidi, na ninashangaa hakimo kwenye hizo video fupi. Makaburu walikuwa wameunda mabomu sita kwa siri. Waliyavunja kabla ya kukabidhi nchi, na De Klerk akalitangazia bunge mwaka 1993 baada ya kazi kuisha. Wapo wanaosema hawakutaka Mandela ayakute, na katika hilo Mazrui angecheka kicheko chake. Lakini Mandela naye hakuyarudisha. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulifunguliwa kutiwa saini Cairo mwaka 1996, na umebeba jina la mahali pale pale walipofanyia utafiti wa nyuklia.

Kama kitabu, bado nakipenda. Sentensi za Mazrui zinatembea mbili mbili kama maharusi, na anajua kukukasirisha ili ufikiri. Ila anapenda mno kitendawili chenyewe. Akishakifunga vizuri anashangilia, anaenda zake, na watu wanaobaki kuishi ndani ya jibu hawaonekani tena.

Mei 2020, wakati wa korona, mpaka ulifungwa tena isipokuwa kwa mizigo, na malori yakapanga foleni. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku ya soko Taveta bei ilikuwa ya kutukanana. Mambo haya yalimalizwa na watu waliopigiana simu na kukaa mezani. Yalimalizwa vibaya, polepole, huku vitu vya watu vikioza, lakini hakuna aliyehitaji kuhesabu dakika.

Nimemtumia rafiki yangu picha za kurasa zote za hotuba ya sita. Amejibu kwa voisi ya dakika saba, ananiita mwoga wa mpakani. Nitaisikiliza yote Jumamosi, soko likiisha.