Gundi, Plaiwudi na Bamvua ya Bristol

Kinachomshinda fundi mwenye haraka katika boti ya mpira yenye tumbo gumu ni gundi. Lile tyubu nene linalozunguka ubavu halipigwi misumari wala halikazwi kwa skrubu; tundu moja tu na hewa yote imekwenda. Linabandikwa. Kwanza unapiga msasa pande zote mbili, mpira na ubao, mpaka mng'ao utoke kabisa. Unafuta vumbi kwa kitambaa chenye dawa ya kuondoa mafuta, na kuanzia hapo hugusi tena kwa vidole, maana jasho la mkono nalo ni mafuta. Unapaka gundi nyembamba, unaiacha ikauke. Unapaka mara ya pili, unasubiri tena. Safari hii unapima kwa kifundo cha kidole: inate, lakini isikifuate kidole. Ukiwahi, dawa iliyobaki ndani itatengeneza mapovu. Ukichelewa, haishiki. Na pande mbili zikishagusana hakuna kusogeza; lazima uwe umepiga mistari kwa penseli mapema na mwenzako amekushikia upande wa pili. Kisha unapita na rola kutoka katikati kwenda ukingoni, polepole, ukisukuma hewa itoke. Halafu unaondoka, unaiacha kazi ilale bila kulijaza tyubu upepo, hata kama nafsi inakuwasha kuona.

Hewa ikiwa na unyevu, mvuke usioonekana hutua juu ya gundi kabla hujafunga. Mbandiko unatoka mzuri wa kupigiwa picha, kisha siku ya kwanza ya mawimbi makali unaanza kuachia pembeni. Mbandiko wa namna hii una nguvu ya ajabu upande mmoja na udhaifu wa ajabu upande mwingine: ukilivuta tyubu kwa kufuata urefu wake, watu wawili wazima hawaling'oi, ukipata ncha iliyoinuka kidogo ukaanza kuibandua, mtoto anaimaliza. Ndiyo maana fundi mzuri hujulikana kwa kingo zake. Hupita na utepe wa pili juu ya kila ukingo, na hupaangalia hapo kabla ya kuangalia rangi.

Sasa fikiria kazi hiyo inafanywa na vijana wa miaka 17, katika ngome ya mawe kwenye pwani ya Wales, mahali ambapo unyevu ndio hali ya hewa ya kawaida. Huko ndiko boti hizi zilikozaliwa, shuleni, katika miaka ya 1960.

Shule yenyewe ni Atlantic College, iliyofunguliwa mwaka 1962 katika ngome ya St Donat's. Wazo lilikuwa la Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyeikimbia serikali ya Hitler na kuanzisha Gordonstoun huko Uskochi mwaka 1934. Hahn aliamini kwamba vijana wa mataifa yaliyopigana vita juzi hawatapatana kwa kuhubiriwa amani. Watapatana wakipewa kazi ya kuokoa maisha ya watu, kazi ambayo mmoja akizembea wote wanaona. Ngome iliwahi kuwa mali ya William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, na fedha za kuinunulia shule zilitoka kwa Antonin Besse, mtoto wa yule mfanyabiashara Besse wa Aden. Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki jina hilo halina ugeni. Mali ya Besse ilitokana na ngozi, kahawa na bidhaa nyingine zilizopita katika bahari zilezile za majahazi.

Shule nyingi za kimataifa hujieleza kwa siku ya mataifa: bendera uwanjani, vyakula vya kila nchi mezani, ngoma mbili tatu, picha ya pamoja. Sina ugomvi na pilau. Ila maisha ya pamoja ya St Donat's yalijengwa juu ya kitu kingine. Masomo yakiisha mchana, wanafunzi waligawanywa katika huduma: wengine uokoaji wa majabalini pamoja na walinzi wa pwani, wengine ulinzi wa fukwe, wengine mashua ya uokoaji. Mwaka 1963 shule ikawa kituo rasmi cha RNLI, taasisi ya hisani ya uokoaji baharini iliyoanzishwa mwaka 1824, ambayo mpaka leo huendeshwa zaidi na watu wanaojitolea.

Bahari waliyopewa si ya mazoezi. Mlango wa Bristol una mojawapo ya bamvua kubwa kuliko zote duniani. Zanzibar, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4, nasi tunaiona kubwa, maana mashua huachwa mchangani mbali kabisa na maji. Kule, sehemu za juu za mlango, tofauti hupita mita 12. Maji mengi kiasi hicho yakiingia na kutoka mara mbili kwa siku hufanya mkondo unaokwenda kasi, na mkondo ukikutana na upepo wa magharibi mawimbi husimama wima, mafupi na yenye hasira. Chini ya ngome kuna mteremko wa saruji wa kushushia vyombo, na pembeni mawe na kokoto.

Mkuu wa kwanza wa shule, Desmond Hoare, hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa admirali, mhandisi wa jeshi la majini la Uingereza. Alihitaji vyombo vya kuwafuata wanafunzi wanaojifunza tanga. Boti za mbao zilikuwa nzito, na zikisogea karibu na kidau kilichopinduka huku bahari imechafuka zinakivunja badala ya kukiokoa. Boti za mpira mtupu zilikuwa pole, unaweza kuzigongesha ubavuni mwa mtu aliye majini bila kumuumiza. Lakini sakafu yake ilikuwa kitambaa, na kitambaa kikiburuzwa kila siku juu ya saruji na kokoto kinakwisha. RNLI yenyewe, iliyoanza kutumia boti za mpira mwaka huohuo wa 1963, ilikuwa na tatizo hilohilo.

Kilichofuata kimezoeleka kusimuliwa kama ugunduzi wa mtu mmoja. Mimi nauona kama miaka ya ukarabati. Sakafu imechanika; wakabandika plaiwudi chini. Ikavumilia kokoto, lakini ubao bapa unapopigwa na wimbi hupiga kofi, na kofi hilo linapanda mpaka kwenye uti wa mgongo wa aliyeketi. Basi ubao ukakunjwa, ukapewa mkuku na mbavu mbili zinazoteremka kwa pembe, tumbo la umbo la V linalopasua maji badala ya kuyapiga. Hapo likazuka swali jipya: tyubu likae wapi? Likiwekwa chini sana linaburuza majini na kurusha boti kila inapogusa wimbi. Likiwekwa juu sana, boti ikisimama inayumba kama mlevi na huwezi kumvuta mtu ndani. Mahali pake ni padogo: liguse maji chombo kikiwa kimesimama, hasa upande wa tezi, na liyaache maji chombo kikishika kasi. Kimo hicho hakikupatikana kwenye karatasi pekee. Kilitafutwa kwa kutengeneza, kushusha majini, kuvunja, kurudisha karakanani, kung'oa na kubandika upya. Na kila kubandika upya ni msasa, dawa, gundi, kusubiri.

Wazee wetu wa Lamu walilijua tatizo la chombo kinachofikia mchangani. Mtepe wa Wabajuni ulishonwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, ukalegea kidogo ulipogusa pwani badala ya kupasuka. Wale vijana walipitia njia nyingine: sehemu inayogusa ardhi ikawa ngumu, sehemu inayogusa watu na wimbi ikawa laini.

Ninachokistaajabia zaidi ni mpangilio wa karakana ile. Atlantic College ni shule ya miaka miwili. Kijana anafika, mwaka wa kwanza anajifunza kushika randa na rola, mwaka wa pili anajua, kisha anahitimu na kwenda zake, Norwe, Nigeria, Marekani. Hakuna karakana ya pwani yetu ingekubali hasara hiyo. Fundi wa mashua hukaa na mwanafunzi wake miaka mingi kabla ya kumwachia mkuku. St Donat's kila fundi aliondoka baada ya miaka miwili, na kazi ikaendelea kuwa bora. Iliwezekanaje? Nadhani kwa sababu aliyefundishwa mwaka huu alijua mwakani ni zamu yake kufundisha, na kwa sababu ya jambo rahisi zaidi: aliyebandika tyubu ndiye aliyekwenda nalo baharini. Simu ikilia usiku, boti inayoteremshwa ni ile ya mikono yako, na nyuma yako ameketi mwanafunzi mwenzako ambaye hata lugha hamkushirikiana mwaka uliopita. Mkaguzi wa namna hiyo hahitaji fomu.

Wasichana walianza kupokewa mwaka 1967. Miaka miwili baadaye Elizabeth Hostvedt, mwanafunzi wa Kinorwe mwenye miaka 18, alifuzu kuongoza mashua ya uokoaji ya pwani ya RNLI, mwanamke wa kwanza kufikia hapo. Mwaka huohuo wa 1969 boti ya futi 21 iliyotengenezwa shuleni, yenye jina la kihuni la Psychedelic Surfer, iliingia mashindano ya boti za mashine kuzunguka Uingereza nzima. Wenye boti za fahari waliitazama kwa jicho la huruma. Ikamaliza, ya 19.

Baada ya hapo RNLI haikuhitaji kushawishiwa. Iliuchukua mchoro kwenda karakana yake ya Cowes, na mwaka 1972 ikaanza kutumia Atlantic 21, iliyobeba jina la shule na urefu wake kwa futi. Watu watatu wanaketi kama juu ya farasi, mashine mbili nyuma ili moja ikizima ibaki nyingine, tyubu limegawanywa vyumba ili tundu moja lisizamishe chombo. Juu ya tezi kuna fremu iliyobeba mfuko uliokunjwa. Boti ikipinduka, baharia aliye majini anavuta kamba, chupa ya gesi inaujaza mfuko, na boti inajigeuza. Mashine zimekingwa maji ziweze kuwashwa tena palepale. Haki ya uvumbuzi ilikabidhiwa RNLI kwa pauni 1.

Pauni hiyo huwaudhi watu wa biashara ninapoisimulia, nami nawaelewa, kwani leo boti za aina hii zinatumiwa na majeshi ya majini, wapiga mbizi na waokoaji kila bahari. Lakini shule ingekuwa na sura gani ya kuwatoza waokoaji, wakati wanafunzi wake wenyewe walikuwa waokoaji wa RNLI? Hoare alikuwa ametengeneza alichohitaji. Wengine wakakihitaji pia.

Kituo cha St Donat's kilifungwa mwaka 2013, baada ya miaka 50. Uokoaji wa leo una masharti mazito, na sishangai. Mzazi gani leo angesaini karatasi ya kumruhusu mwanawe wa miaka 17 atoke usiku katika mkondo ule, kwa chombo alichokigundisha mwenyewe? Ningesita hata mimi, na huku naisifu kazi hii kurasa nzima. RNLI sasa inatumia Atlantic 85, kubwa zaidi na inayokwenda noti 35, inayotengenezwa na mafundi wa kuajiriwa. Jina limebaki, ingawa wengi wakilisoma ubavuni hudhani ni la bahari.

Shule hiyo ilizaa mtandao wa United World Colleges, na mwaka 2019 shule ya kimataifa ya Moshi, yenye kampasi Moshi na Arusha, ilijiunga nao kwa jina la UWC East Africa. Haina bahari. Ina Kilimanjaro juu ya paa, na wanafunzi wake wanajulikana kwa kupanda milima na kulala porini. Ningependa kujua mahema yao yakichanika huwa yanashonwa na nani.