Kadi ya "Borrow"

Mwalimu wa ngumbaru ninayemzungumzia hapa Olympic, Kibera, haanzi na maana ya neno. Jioni, matatu zikigeuza steji na makanga wakiita abiria wa mwisho wa kurudi mjini, yeye huanza kwa kusikiliza. Wanafunzi wake ni watu wazima: mama mboga, fundi wa kuchomelea vyuma, mlinzi anayeingia kazini saa mbili usiku. Amewaomba waseme kwa Kiingereza jinsi wanavyoomba kalamu, na karibu wote wanasema "borrow me a pen". Hasahihishi. Anaziandika sentensi ubaoni vilevile zilivyotamkwa, hata zile zinazojirudia.

Kosa hilo lina asili yake, naye anaijua. Kuazima kunakwenda pande mbili: nimeazima kalamu kwake, naye ameniazima kalamu. Kiingereza kimewagawia watu hao wawili kazi tofauti, anayepokea "borrow", anayetoa "lend". Basi anachukua chaki nyekundu na kuchora mshale juu ya kila sentensi, kutoka kwa mwenye kalamu hadi kwa mwombaji. Anachora polepole, na darasa linamfuata kwa macho. Kufikia mshale wa nne, fundi anasema, "Mwalimu, hapo si 'lend'?" Ndipo anapochukua dasta.

Kisha anafungua Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, ile ya TUKI ya mwaka 1996, mgongo wake umeshikwa na selotepu. Anaweka kidole kwenye kidahizo cha "borrow", anasoma visawe kwa sauti, anaifunga. Mpaka kati ya azima na kopa anautafuta kwa wanafunzi wenyewe. Ukiazima sufuria ya jirani unarudisha nini? Sufuria ileile. Ukikopa shilingi mia? Mia nyingine. "Borrow" inabeba maana zote mbili, kwa hiyo kadi anayoiandaa inahitaji mifano miwili, wa sufuria na wa pesa. Mmoja ungetosha kujaza nafasi, lakini ungempoteza msomaji. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi: mfano kwake ni sehemu ya maana, na anauchagua kwa uangalifu wa fundi cherehani anayepima kabla ya kukata.

Mama mboga anauliza kuhusu unga aliouchukua dukani, atakaoulipa Jumamosi. Kwa Kiswahili ameukopa. Mwalimu ananyamaza, anatazama ubao, anauweka unga nje ya safu ya "borrow" na kuuandikia mstari wake: "buy on credit". Na Fuliza, ile ya kukamilishia malipo ya M-Pesa salio likipungua, je? Analirudishia darasa swali. Wanabishana, kisha wanakubaliana: Fuliza ni pesa ya kukopa, itakaa juu, safu moja na mia ya jirani.

Sasa ndipo anapokata karatasi ya manila. Anapiga mistari kwa rula, anaandika "borrow" kwa wino mzito, chini yake azima na kopa, halafu mifano miwili na mshale mmoja mwekundu. Onyo la "borrow me" analiweka mwisho, kwa herufi ndogo. Kadi nzima haizidi kiganja, nayo imechukua kipindi kizima.

Pembeni anaandika "owe" kwa penseli. Kwa Kiswahili anayedaiwa husemwa kwa kauli ya kutendwa, lakini kwa Kiingereza yeye ndiye mtenda, na sentensi za darasa kuhusu jambo hilo bado hajazikusanya.