Kulijua Wimbi la Kwanza

Ndani ya graniti ya milima ya Alps, huko Uswisi, ipo maabara ya Grimsel, iliyofunguliwa mwaka 1984 kwa ajili ya utafiti wa namna ya kuhifadhi taka za nyuklia chini ya ardhi. Mwamba wa kuhifadhia taka hizo lazima ujulikane nyufa zake. Njia mojawapo ni kuchoronga mashimo mawili, kutoa mshtuko mdogo ndani ya moja na kuning'iniza vipokezi ndani ya jingine. Wimbi linalopita kwenye mwamba mzima huwahi. Linalokatiza eneo lenye nyufa huchelewa. Mshtuko hurudiwa katika vina mbalimbali, na kutokana na nyakati hizo kompyuta huchora ramani ya kasi kati ya mashimo. Hiyo ndiyo tomografia.

Watu husifu ramani na rangi zake. Mimi naisifu zaidi kazi inayoitangulia, na programu zinazoifanya: kutambua, katika kila rekodi, ni saa ngapi hasa wimbi la kwanza lilifika.

Chukua mashimo yaliyotengana mita 10. Katika graniti ambamo wimbi hukimbia mita 5,000 kwa sekunde, safari nzima ni milisekunde 2. Ukiweka alama milisekunde 0.1 baada ya wakati wake, mwamba huo huo utaonekana kuwa na kasi ya mita 4,760 hivi. Kosa dogo kiasi hicho laweza kuchora ufa usiokuwepo. Na ukiwa na vituo 50 vya mshtuko na vipokezi 50, zinakusubiri rekodi 2,500.

Kwenye skrini, rekodi hupangwa kwa kina, moja chini ya nyingine. Kwanza kuna mstari unaotetema kidogo kwa kelele, kisha kijimwinuko hafifu, ndipo wimbi kubwa. Jicho lisilo na mazoezi hukimbilia lile kubwa, kumbe wimbi limeshafika mapema zaidi. Fundi huvuta picha karibu, huongeza ukubwa wa mawimbi hadi kelele ionekane wazi, kisha hubofya pale mstari unapoanza kuondoka kwenye tabia yake ya awali. Halafu hurudi nyuma na kutazama alama zote kwa pamoja. Kama mwamba haubadiliki sana, alama hizo hufanya mkunjo laini, wenye muda mfupi zaidi pale mshtuko na kipokezi vilipo kina kimoja. Alama iliyoruka nje ya mkunjo inarudiwa. Yamkini ni ufa wa kweli. Yamkini mkono uliteleza.

Mashine nayo ina mbinu zake. Mwaka 1978 Rex Allen alichapisha njia ya kutambua matetemeko ya ardhi kwa kulinganisha nguvu ya rekodi katika dirisha fupi na ile ya dirisha refu: uwiano ukipanda ghafla, wimbi limefika. Mbinu nyingine inatumia kigezo cha mtakwimu wa Japani, Hirotugu Akaike. Hutafuta mahali panapoigawa rekodi vizuri zaidi katika sehemu mbili, kelele na wimbi. Ni hesabu nzuri mno, lakini ina udhaifu mmoja: hutoa jibu hata pale rekodi nzima ilipo kelele tupu.

Ndiyo maana programu ninazoziheshimu huiachia mashine ipendekeze na mtu aamue. Humpa pia nafasi ya kuiacha rekodi bila alama, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Data za pyGIMLi, programu huria ya kutengeneza ramani hizi, zina safu ya kuandika kosa linalokadiriwa kwa kila muda, ili alama yenye shaka isipewe uzito sawa na ile ya uhakika. Aliyeiweka safu hiyo aliielewa kazi hii kwa undani.

Kwa hiyo, mhandisi akikuletea ramani yenye rangi za kupendeza za mwamba ulio chini ya bwawa au handaki lako, mwombe kwanza akuonyeshe rekodi zenyewe na alama alizoweka, pamoja na zile alizoziacha wazi.