Amana ya Fundi wa Breki

Mpanda ngazi hushuka, na aliyepanda Kilimanjaro kwa gari lazima arudi mjini kwa mteremko uleule. Moshi mjini iko kwenye mwinuko wa mita 850 hivi kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanakoanzia safari wapandaji wengi wa mlima, liko kwenye mita 1,860 hivi. Kati ya vimo hivyo viwili kuna migomba na kahawa, makanisa na shule, masoko na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na barabara zinazopanda Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema na Mwika. Kutwa nzima Noah, Hiace na malori ya ndizi hupishana kwenye kona zake. Kupanda ni kazi ya injini, na injini ina washabiki wengi. Vijiweni watu hubishana usiku kucha ipi ina nguvu. Kushuka ni kazi ya breki, na breki haina mshabiki. Mimi nataka kuisifu leo, na zaidi yake nimsifu anayeifunga vizuri.

Tupige hesabu ndogo ili tujue anabeba mzigo gani. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria wake, likishuka mita 1,000 za wima, huachia nishati ya megajuli 15 hivi. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, yaani ndoo mbili kubwa mpaka zitokote. Ni sawa pia na kulisimamisha gari hilo kabisa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mara 40. Dereva akitumia gia nzito, injini humpokea sehemu ya mzigo, na upepo nao huchukua chake. Yote yanayobaki huingia kwenye vyuma vya breki yakiwa joto. Vyuma vya mbele hupata fungu kubwa, kwa maana gari linapofunga breki uzito wake huegemea mbele, na kwenye mteremko huegemea zaidi.

Joto hilo lisipopata pa kutokea hutafuta pa kuharibu. Pedi zikipita kiwango chake cha joto huanza kuteleza. Dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi na gari linapunguza mwendo kidogo zaidi. Kisha zamu hufika kwa mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke; mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi chini bila kusukuma chochote. Ndiyo ile sentensi tunayoisikia baada ya ajali: breki zilifeli. Mara nyingi zilifeli zamani, siku ambayo mtu alikuwa na haraka gereji.

Wahandisi wamepambana na joto hili kwa zaidi ya karne moja. Breki za dramu, zenye shuu ndani ya kikombe cha chuma, hulifungia joto humohumo. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski, chuma bapa kinachozunguka wazi hewani na kubanwa pande mbili. Ilichukua nusu karne wazo hilo kuuonyesha ulimwengu thamani yake: mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwaka huohuo Afrika Mashariki ilianzisha mbio zake za Safari, zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati breki za dramu zikiwa bado ndiyo kawaida ya magari ya barabarani. Leo hata gari dogo la familia lina diski mbele, na mara nyingi diski hizo zina njia za hewa ndani yake.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza kupendeza. Diski yenye njia za hewa ni sahani mbili za chuma cha kusubu zilizounganishwa kwa mbavu nyembamba, na kati ya mbavu kuna uwazi. Gurudumu likizunguka, hewa iliyo ndani ya uwazi husukumwa kuelekea ukingoni na kutoka nje, na hewa baridi huingia upande wa kitovuni kuziba nafasi yake. Ni pampu ya hewa isiyo na mota wala waya. Aliyeibuni hakuongeza kitu kinachochakaa. Aliacha mahali patupu, na pale patupu pakafanya kazi.

Mbavu nyingi zimenyooka, na diski za namna hiyo hufungwa kulia au kushoto bila tofauti. Zipo zenye mbavu zilizopinda, na hizo zina upande wake. Jicho lisilofundishwa husema mbavu zielekee mbele ili zichote upepo wa safari. Jicho hilo limekosea. Hewa haichotwi ukingoni. Huingilia katikati na kutupwa nje, na mbavu iliyopinda huitupa vizuri ikiwa imelala kinyume na mzunguko. Kwa hiyo fundi akisimama ubavuni mwa gari na kutazama mbavu za sehemu ya juu ya diski, akizifuata kutoka kitovuni hadi ukingoni, anatakiwa azione zikiinamia nyuma ya gari. Iwe hivyo upande wa dereva na iwe hivyo upande wa abiria, na ndiyo sababu diski hizi hutengenezwa kwa jozi, ya kulia na ya kushoto. Mtengenezaji akiwa ameagiza vingine, afuatwe yeye. Mifereji na matundu ya usoni mwa diski yasimdanganye mtu. Ushahidi uko kwenye mbavu.

Mchagga aliyekulia kando ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, hulielewa jambo hili upesi: maji hufika kihambani kwa sababu mchimbaji aliusoma mwelekeo wa ardhi kabla ya kuinua jembe. Hewa nayo ina njia inayoipenda, na diski iliyogeuzwa huilazimisha njia nyingine. Ubaya ni kwamba diski iliyogeuzwa hufungika bila kinyongo. Boliti zote zitaingia, gurudumu litazunguka, gari litasimama vizuri likijaribiwa kwenye tambarare ya mjini. Hewa itapita pungufu, joto litakawia kutoka, na hakuna atakayejua mpaka siku ya mteremko mrefu na gari lililojaa.

Kwa hiyo nampenda fundi anayeanza kwa kutazama. Huweka kabari kwenye magurudumu, huinua gari kwa jeki, kisha huliegemeza kwenye stendi, maana jeki ni ya kuinulia tu. Hufungua kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, na kuifunga kwa waya kwenye springi. Haiachi ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwa kuwa mpira ukivutika huumia ndani mahali pasipoonekana. Diski ya zamani ikiwa imegandia, hutazama kama ina matundu mawili yenye nyuzi, akaingiza boliti na kuzikaza kwa zamu mpaka chuma kijiachie chenyewe. Huipima unene na kuulinganisha na kiwango cha mwisho, ambacho mara nyingi kimechorwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyoliwa kupita kiwango hicho haina tena chuma cha kutosha kuhifadhi joto, hata kama uso wake unang'aa.

Kisha inakuja kazi ambayo wengi huiruka: kusafisha habu, pale diski inapokaa. Kutu iliyobaki kati ya habu na diski, hata ikiwa nyembamba kama karatasi, huikalisha diski upande. Magari mengi hayaruhusu diski iyumbe zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, mara nyingi 0.05 hivi. Ikizidi hapo, kila mzunguko pedi hugusa sehemu ileile ya uso, na baada ya muda usukani huanza kutetemeka dereva akikanyaga. Mwenye gari atalaumu diski, atasema ni feki, kumbe lawama ni ya kutu iliyoachwa. Fundi mwema huchukua brashi ya waya na msasa, akasugua habu mpaka chuma chenyewe kionekane, akafuta vumbi, na ndipo akaketisha diski mpya. Akiwa na kipimo cha saa huzungusha diski na kusoma sindano. Asipokuwa nacho, usafi wake wa habu ndio kinga yake kubwa.

Diski mpya hutoka kiwandani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Huyaosha yote, akaishika kwa mikono safi. Pini za kalipa huzisafisha na kuzipaka grisi yake maalumu, isiyovimbisha mipira, ili kalipa iteleze kwa uhuru na pedi zote mbili zifanye kazi sawa. Pistoni huirudisha ndani taratibu huku akiangalia kikopo cha mafuta kisifurike. Kalipa zikitolewa zote mbili, huhakikisha kila moja imerudi upande wake, nipo ya kutolea upepo ikiwa juu, kwa maana hewa hukimbilia juu na nipo iliyo chini haitaitoa kamwe. Nati za gurudumu hukazwa kwa kuvukana, si kwa kuzunguka, na kwa spana ya kipimo. Toyota nyingi huagiza nyutoni-mita 103. Nati zilizokazwa bila mpango, hii sana na ile kidogo, huweza kuipinda diski aliyoisafishia njia kwa nusu saa.

Kabla ya kuwasha gari hukanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, maana pistoni alizozirudisha hazijagusa pedi. Halafu huliendesha mahali palipo wazi, akipunguza mwendo mara kadhaa kwa kiasi bila kusimama kabisa, akiacha diski zipoe katikati, ili pedi na diski zizoeane. Ndipo humkabidhi mwenyewe funguo, akimwambia asikanyage kwa nguvu siku za kwanza isipokuwa kwa dharura.

Hesabu mambo hayo yote, kisha uliza mteja ataona mangapi. Ataona gari linasimama. Habu safi imefunikwa na diski, mbavu zimefichwa na rimu, grisi iko ndani ya mipira. Kazi ya breki iliyofanywa vizuri na iliyofanywa vibaya zinafanana siku ya kwanza, na bei ya vibaya huwa nafuu. Kwa hiyo naiita amana. Mtu huachiwa kitu ambacho mwenyewe hawezi kukikagua, akakitunza kama chake. Amana hiyo si ya mteja peke yake, bali pia ya mama mwenye beseni la parachichi kando ya barabara, na ya mtoto wa shule anayevuka kwenye kona, ambao hawatamjua fundi huyo hata kwa jina.

Mlima huu unaijua heshima ya chuma tangu zamani. Mamba, jirani ya Marangu, ilisifika kwa wahunzi wake, waliofua mikuki, mundu na majembe kwa moto na nyundo. Vijana wa leo wanaosomea ufundi wa magari VETA Moshi, na wanaojifunza gereji kwa kumshikia fundi taa na spana, wanaendeleza heshima hiyo kwa chuma kingine.

Mwezi wa Desemba ndio mtihani wao mkubwa. Wachagga hurudi nyumbani kwa Krismasi, na barabara za mlimani hujaa magari yaliyotoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Gari lililozoea foleni za tambarare ya pwani linakutana na mteremko wa Kibosho likiwa na familia nzima, magunia na ndizi za kurudi nazo. Breki zilizotosha mwaka mzima Kariakoo hazijaulizwa swali hili. Anayekuja afanye ukaguzi wiki moja kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka, na akiwa mlimani ashuke kwa gia nzito, ili hata diski iliyofungwa vizuri ipate nafasi ya kupoa.

Kwako msomaji mwenye gari, nina ombi. Ukimpata fundi anayesugua habu bila kuambiwa, anayezitazama mbavu za diski kabla ya kuifunga, mshike. Usimkate bei kwa sababu jirani anafanya kwa robo saa. Mnunulie mafuta mapya ya breki anapoyaomba. Muulize anachofanya, na umpeleke kijana wako akajifunze kwake. Tunawashangilia wanaofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na wanastahili. Fundi wa breki naye anastahili kuhesabiwa miongoni mwa mashujaa wa mlima huu, kwa kuwa maelfu ya watu hushuka Kilimanjaro salama kila siku kwa kazi ya mikono yake.